Bitana ya shuti la mawe: manganizi, chuma cha 500, kauri, mpira au plastiki?

Ukienda kununua bitana, yaani bamba la kuvisha shuti kwa ndani, mjini Lubumbashi, namba ya kwanza utakayotajiwa ni ugumu. Hili ni 400, lile ni 500, na kauri hii haikwaruzwi na kitu. Ugumu ni rahisi kuuza kwa sababu hupimwa kwa dakika moja mbele ya mteja. Ila shuti, yaani ule mfereji wa chuma unaoshusha mawe kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, haliliki kwa namna moja. Pana mahali jiwe hudondoka na kupiga, pana mahali huteleza na kusugua, pana mahali udongo huganda wakati wa mvua, na katika viwanda vya shaba vya Katanga pana asidi ya salfuriki. Bamba gumu kuliko yote sokoni, likiwekwa mahali pasipo pake, ndilo la kwanza kuvunjika na kuangukia mkanda.

Jambo jingine linalochanganya wanunuzi ni kwamba watengenezaji wa vitu hivi mara nyingi huuzia viwanda na majeshi kwa pamoja. SSAB ya Sweden hutengeneza Hardox kwa ajili ya migodi na Armox kwa ajili ya magari ya kivita. Kauri ya alumina inayovishwa mabomba ya tope la madini ni ya ukoo mmoja na ile inayowekwa ndani ya fulana za kuzuia risasi. Basi mtu akisikia "hili ni la jeshi" hudhani ndilo bora kwa shuti lake. Tutarudi hapo, kwa maana kosa hilo ni la gharama, na kwa upande mwingine ni la hatari.

Kabla ya kuuliza bei, ingia ndani ya shuti

Simamisha mkanda, funga swichi kuu kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa atakayeingia. Gonga mawe yaliyoning'inia juu yaanguke kabla ya mtu kuingia, kisha uingie na taa, chaki na rula. Bamba la zamani litakuambia kila kitu. Penye mashimo mafupi yaliyobonyea, kama sahani ya bati iliyopigwa nyundo, ni eneo la pigo. Penye mifereji mirefu inayofuata njia ya mawe ni eneo la msuguano. Penye udongo mkavu ulioshikamana kwenye pembe ni eneo la kuganda. Yachore maeneo hayo matatu kwa chaki na uyapige picha.

Halafu andika mambo sita: jiwe kubwa kuliko yote lina milimita ngapi, linaanguka kutoka urefu gani, linagusa bamba kwa pembe gani, kuna maji au hakuna, asidi ni pH ngapi (pH ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), na joto ni kiasi gani. Pembe ndiyo watu husahau, nayo ndiyo huamua mengi. Vitu laini kama mpira hulika zaidi jiwe linapopita kwa mlalo, karibu nyuzi 20 hadi 30, kwa sababu hapo hukatwa. Vitu vigumu visivyopinda, kama kauri, huumia zaidi jiwe linapopiga moja kwa moja, karibu nyuzi 90, kwa sababu hapo hupasuka. Kwa hiyo shuti moja laweza kuhitaji bitana mbili au tatu, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Ujue pia ni nini hasa kinachokula bamba. Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ni laini. Msumari wa chuma hulikwaruza. Adui ni kwatzi iliyomo katika miamba inayolizunguka. Ugumu wa kwatzi ni karibu 1,000 kwa kipimo cha Vickers, na bamba la chuma cha 500 halifiki hata 600. Kwa hiyo chuma chochote cha kawaida cha bitana hukwaruzwa na kwatzi. Tofauti ni kasi tu. Kauri ya alumina na kabaidi za kromu (chembe ngumu za kromu na kaboni) huipita kwatzi, ndiyo maana katika msuguano mtupu hudumu kuliko chuma.

Chuma cha manganizi

Robert Hadfield alikivumbua Sheffield, Uingereza, mwaka 1882. Ni chuma chenye manganizi karibu asilimia 12 na kaboni karibu asilimia 1.2, kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 1,000 kisha kutumbukizwa majini. Kikitoka kiwandani ni laini, karibu 200 HB (HB ni kipimo cha ugumu cha Brinell, ndicho cha zile namba 400 na 500 za sokoni), si mbali sana na chuma cha kawaida. Maajabu yake huanza kikipigwa: uso wake hugeuka mgumu, ukafika 500 HB na zaidi, huku kiini kikibaki chenye kunyumbulika. Kofia za chuma za askari wa Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia zilitengenezwa kwa chuma hiki kuanzia mwaka 1915, kwa sababu hiyo hiyo: hubonyea bila kupasuka.

Basi mahali pake ni penye mapigo makubwa: taya za mashine ya kupondea, na bamba linalopokea mawe ya sentimita 20 na kuendelea yanayodondoka kutoka juu. Likiwekwa mahali penye changarawe inayoteleza tu, halipigwi, haligeuki gumu, na hulika upesi kama chuma cha kawaida. Hilo ndilo kosa la kwanza la manganizi. Mtu hulalamika kwamba aliuziwa bamba bovu, kumbe bamba ni zuri ila halikupata wa kulipiga.

Kosa la pili ni kubananisha mabamba. Manganizi ikipigwa hutanuka pembeni. Ukiyapanga mabamba yakigusana, baada ya wiki chache kingo husukumana, bolti hukatika, na bamba huinuka kama jani. Acha nafasi ya milimita kadhaa kila upande, na kingo zikianza kufura kama uyoga zisage kwa mashine ya diski kabla hazijashikana.

Kosa la tatu ni moto. Manganizi ikikaa juu ya nyuzi 260 huanza kuharibika ndani: kabaidi hujikusanya kwenye mipaka ya chembe za chuma, na bamba lililokuwa likinyumbulika huvunjika kama sahani. Kwa hiyo usilipashe moto kabla ya kuchomelea. Piga mishono mifupi, hama sehemu, pumzisha. Chora mstari wa chaki ya joto, ile inayoyeyuka ikifika joto lake, karibu milimita 15 kutoka mshononi, ikiyeyuka, simama. Elektrodi, au bageti kama mafundi wengi wa Lubumbashi wanavyoiita, iwe ya aina ya 307 (ya chuma kisichopata kutu) au ya manganizi yenyewe. Ukiunganisha manganizi na chuma cha kawaida kwa 7018, elektrodi ya chuma cha kawaida, mshono utaonekana mzuri jioni na asubuhi utakuwa na ufa, kwa sababu mchanganyiko wa vyuma hivyo viwili huzaa ukanda mgumu usionyumbulika. Kukata, tumia plazma. Ikiwa gesi ndiyo pekee iliyopo, kata vipande vifupi vifupi ukimwagia maji.

Kuitambua ni rahisi: sumaku haishiki. Ila saga kwanza milimita moja ya ngozi ya juu, maana ngozi hiyo yaweza kuivuta sumaku kidogo ikakudanganya. Na hapa kuna jambo linalowagharimu watu mkanda mzima: sumaku kubwa inayoning'inizwa juu ya mkanda ili kunasa vyuma haiwezi kunasa kipande cha manganizi kilichovunjika. Kitapita hadi kwenye kipondeo kinachofuata. Ukiweka bitana ya manganizi, hakikisha kuna kigunduzi cha metali kinachosimamisha mkanda, si sumaku peke yake.

Chuma cha 400, 450 na 500

Hili ndilo bamba linalotumika zaidi, na kwa mashuti mengi ya ukubwa wa kati ndilo la kuanzia. Limepashwa moto na kupozwa ghafla hadi kuwa gumu unene wote. Hardox 450 huwa kati ya 425 na 475 HB. Hardox 500 kati ya 470 na 530. Kuna watengenezaji wengine wenye mabamba ya daraja hizo hizo, na mengine ni mazuri kabisa, mradi yaje na karatasi zake.

Uzuri wake ni kwamba karakana yoyote ya Lubumbashi yaweza kulikata, kulichomelea na kulitoboa bila mtambo wa pekee. Hustahimili mapigo ya wastani na msuguano wa wastani. Kati ya 400 na 500, chagua 400 au 450 ikiwa bamba litakunjwa au mawe ni makubwa. Chagua 500 ikiwa ni msuguano zaidi kuliko pigo.

Udhaifu wake mkubwa ni joto. Ugumu huu ulipatikana kwa kupoza ghafla, na ukilirudishia joto la zaidi ya nyuzi 250 unaanza kuurudisha ulikotoka. Ukikata kipande kidogo kwa gesi, kipande chote hupata joto, na unachofunga kwenye shuti si 500 tena. Vipande vidogo vikatwe kwa plazma au kwa maji, au kwa gesi huku bamba limezamishwa majini.

Kuchomelea, mambo ni haya. Elektrodi 7018 inafaa, lakini iwe kavu kwelikweli: ikaushwe tanurini kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa mbili, kisha ikae kwenye kikasha chenye moto hadi inapotumika. Pakiti iliyofunguliwa tangu Desemba na kuachwa karakanani wakati wa mvua imejaa unyevu. Unyevu ule hutoa hidrojeni, hidrojeni huingia kwenye chuma kigumu, na ufa hutokea hadi saa 48 baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Bamba lililo na umande lipashwe kidogo hadi likauke. Unene ukizidi karibu milimita 20, fuata jedwali la mtengenezaji la kupasha moto. Kwa kawaida hutaka nyuzi 125 hadi 200. Kati ya mshono na mshono joto lisizidi 225. Na mshono usiukabilishe na mkondo wa mawe. Chuma cha 7018 ni laini. Mawe hukila hicho kwanza, na bamba zima lililobaki hai huanguka.

Kutoboa 500 kwa keekee ya kawaida ni kupoteza siku. Nunua keekee yenye kobalti asilimia 8, zungusha polepole, sukuma kwa nguvu isiyobadilika, mwaga mafuta ya kukatia bila kukoma. Ukisitasita, keekee hufa. Inagusa moyo kidogo kujua kwamba sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka hapa hapa Kongo. Inaondoka Katanga kama unga wa haidroksidi na kurudi kupitia mpaka wa Kasumbalesa ikiwa keekee ndani ya kasha la plastiki.

Mabamba yenye ngozi ya kabaidi za kromu, yale yanayouzwa kwa jina la bimetali, ni jamaa wa karibu. Chini ni chuma cha kawaida, juu ni tabaka lililochomelewa lenye ugumu wa 58 hadi 62 HRC (kipimo kingine cha ugumu, cha Rockwell). "8+6" maana yake ni milimita 8 za msingi na 6 za ngozi. Utaona nyufa ndogo ndogo zimeikata ngozi. Usiogope, hizo ni za kawaida, ndivyo ngozi inavyopumua baada ya kupoa. Nyufa zinazotembea sambamba na msingi na kuinua ngozi ndizo mbaya. Gesi hailikati kwa sababu ya kromu. Lazima plazma, ukianzia upande wa chuma laini. Kwa changarawe na unga mkavu unaoteleza, hulishinda bamba la 500 kwa mbali. Kwa mawe makubwa yanayodondoka, ngozi hubanduka vipande vipande.

Kauri

Kauri inayotumika zaidi ni alumina ya asilimia 92 au 95, iliyochomwa tanurini kwa nyuzi zaidi ya 1,500. Ni nyepesi kuliko nusu ya chuma, haipati kutu, asidi haiigusi. Katika mabomba ya tope la madini, kwenye pembe za mabomba hasa, na katika mashuti ya unga na changarawe ndogo inayoteleza, hakuna kati ya hivi vingine kinachoikaribia.

Jiwe kubwa likidondoka juu yake, huvunjika. Ni hivyo tu, na hakuna gundi itakayobadilisha jambo hilo. Hapa ndipo ile habari ya fulana za risasi inapofafanua mambo. Katika bamba la fulana, kauri imewekwa mbele ili ivunje ncha ya risasi, nayo yenyewe ipasuke katika kazi hiyo. Nyuma yake kuna nyuzi za aramidi au poliethilini zinazonasa mabaki. Imetengenezwa ipasuke. Shuti lako linataka kauri isiyopasuka kwa miezi mingi. Kaboni na boroni zikiungana hutoa kauri nyepesi sana, gramu 2.5 tu kwa sentimita ya ujazo, na askari anayeibeba kutwa hushukuru; shuti lililofungwa kwenye nguzo halina faida na wepesi huo. Hata hivyo wazo la kigumu mbele na laini nyuma ni la kuazima: vigae vya alumina vilivyoshikiziwa ndani ya mpira mzito hustahimili mapigo ambayo vigae vilivyobandikwa moja kwa moja juu ya chuma visingestahimili.

Vigae vingi havifi kwa kulika, hubanduka. Chuma kisafishwe kwa kupuliziwa mchanga hadi kionekane cheupe, kipanguswe kwa asetoni, na gundi ya epoksi ipakwe ndani ya saa nne kabla kutu haijarudi. Wakati wa mvua subiri hadi chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka maji, la sivyo unabandika juu ya maji usiyoyaona. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ni wa baridi, na gundi inayokauka kwa saa 24 kwenye nyuzi 25 itahitaji takriban mara mbili ya muda huo kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Kiwanda kinachofunguliwa kesho yake asubuhi kwa sababu "pakiti imeandika saa 24" huokota vigae chini mwisho wa wiki.

Panga vigae kama matofali ya ukuta, viungo visifuatane kuelekea mkondo. Kiungo kirefu kilichonyooka ni mto. Maji na mchanga hupita hapo, hula gundi, hufika kwenye chuma. Mstari wa kwanza kabisa ulindwe kwa ufito wa chuma kigumu ulioinuka sawa na kigae, kwa sababu kigae cha kwanza kikitoka, cha pili hubaki uchi, na vyote hufuatana kama zipu. Penye joto la zaidi ya nyuzi 80 au juu ya kichwa, usitegemee gundi peke yake. Tumia vigae vyenye tundu la kati vinavyochomelewa kwa kikombe cha chuma kisha kuzibwa kwa kizibo cha kauri.

Mpira

Jiwe likigusa mpira, mpira hubonyea, humeza pigo, hulirudisha. Kwa mchanga na maji yanayopiga moja kwa moja, mpira wa asili wa ugumu wa 40 hadi 60 Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira) huwashinda wote, na hupunguza kelele kiasi cha kusikilizana bila kupigiana kelele. Ila lazima uwe na unene wa kutosha: milimita 25 kwa mawe madogo, 50 na kuendelea kwa makubwa. Mpira mwembamba juu ya chuma ni kama mkeka juu ya sakafu ya saruji. Jiwe linahisi saruji.

Vinavyoua mpira ni vinne: jiwe lenye makali linalopita kwa mlalo, joto la zaidi ya nyuzi 70, mafuta, na moto wa kuchomelea. Cha tatu ni muhimu sana katika viwanda vya shaba. Sehemu ya kuchuja shaba kwa kimiminika hutumia kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa, na mpira wa asili ukikutana nacho hufura na kulainika kama ugali. Kwenye matangi ya asidi mpira ni bora. Kwenye sehemu ya kiyeyushi usiuweke kamwe.

Cha nne kimeunguza mitambo mizima. Fundi anachomelea kibano nje ya shuti, haoni kwamba upande wa pili umevishwa mpira au plastiki, na mkanda wa mpira uko chini yake. Andika kwa rangi nje ya shuti: NDANI KUNA MPIRA, USICHOME. Ikibidi kuchoma, toa bitana ya sehemu ile, loanisha mkanda, mtu mmoja asimame na bomba la maji lenye maji kweli, na abaki hapo saa nzima baada ya kazi kwisha.

Plastiki ngumu ya poliethilini

Hii ni poliethilini yenye molekuli ndefu mno. Nyuzi zake ndizo zinazouzwa kwa jina la Dyneema na kutumika katika fulana za kuzuia risasi. Usiinunue kwa ugumu, maana haina ugumu wa kutajwa. Inunue kwa utelezi. Kuanzia Novemba, udongo mwekundu wa tabaka za juu unapoingia kwenye mashuti na kuganda hadi mkanda kusimama, watu wanne wakiubomoa kwa mitaimbo, bamba la plastiki la milimita 20 ndilo dawa. Udongo hauna pa kushika.

Fungua macho kwenye kutanuka. Bamba la mita 2 likipashwa na jua kwa nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu sentimita moja, wakati chuma kilicho nyuma yake hakirefuki hata milimita moja. Ukilibana kwa bolti pande zote litavimba katikati kama tumbo, na udongo utaingia nyuma. Matundu yawe marefu, bolti moja tu ya katikati ndiyo ibane, na mabamba yawe madogo. Ukingo wa juu ufichwe chini ya mdomo wa chuma. Zaidi ya nyuzi 80 haifai, na mawe makali yanayodondoka huichimba.

Uzito, kwa ajili ya nguzo na migongo

| Bitana | Kilo kwa mita ya mraba |
|---|---|
| Manganizi mm 25 | 196 |
| Bimetali 8+6 | karibu 108 |
| Chuma cha 500 mm 12 | 94 |
| Kauri 92% mm 12 | 43 |
| Mpira mm 25 | karibu 28 |
| Plastiki mm 20 | 19 |

Kipande cha milimita 600 kwa 300 cha chuma cha 500 cha milimita 12 kina kilo 17. Mtu mmoja hukiinua ndani ya shuti. Cha manganizi cha milimita 25, ukubwa ule ule, kina kilo 35, na ndani ya shuti lenye mteremko hiyo ni kazi ya winchi. Kata mabamba kwa kumfikiria atakayeyabeba.

Asidi hubadilisha hesabu

Katika matangi ya kuyeyushia shaba, pH huwa karibu 1.5 hadi 2. Chuma cha 500, manganizi na bimetali huyeyuka humo, hata viwe vigumu kiasi gani. Chuma cheupe cha kromu asilimia 27 kinachosifika kwenye pampu za tope nacho hakivumilii asidi kali hivyo. Hapo shindano ni la mpira, kauri na plastiki. Chuma kisichopata kutu cha 316L hustahimili asidi ila ni laini, na mchanga hukila. Kitumie kushikilia, si kulinda. Kumbuka bolti: bitana ya kauri iliyofungwa kwa bolti za chuma cha kawaida ndani ya asidi ni bitana ya wiki chache.

Hesabu ya kweli

Usilinganishe bei ya mita ya mraba. Linganisha mwaka. Tuseme, kwa namba za mfano tu, seti ya chuma cha 500 ni dola 4,000 na hudumu wiki 10; seti ya bimetali ni dola 9,000 na hudumu wiki 26. Kila mabadiliko hugharimu dola 600 za kazi na winchi na husimamisha mkanda saa 8. Kwa wiki 52, chuma cha 500 ni dola 23,920 na saa 41 na dakika 36 za kusimama. Bimetali ni dola 19,200 na saa 16. Bimetali imeshinda. Lakini iweke mahali penye mawe ya sentimita 20, ngozi ibanduke wiki ya 8: sasa ni dola 62,400. Bamba lile lile, karatasi ile ile, tofauti ni mahali lilipowekwa.

Siku ya kununua

Dai cheti cha EN 10204 aina ya 3.1, yaani cheti cha kiwanda chenye vipimo vya bamba, na namba ya mkupuo (chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyo kwenye cheti uione imepigwa mhuri kwenye bamba lenyewe. Jina lililoandikwa kwa rangi ya dawa si ushahidi. Saga milimita moja ya uso, kisha pima ugumu kwa kipimo cha mkononi mara tano au zaidi, kila mara mahali pengine. Kipande chepesi hudunda na kutoa namba ya uongo, kwa hiyo pima bamba zima au kipande cha zaidi ya kilo 5. Macho hayatofautishi 400 na 500. Kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti hufanya kazi vizuri kwenye bamba la 500, lakini kwenye manganizi iliyosubuliwa mara nyingi hupotea kwa sababu ya chembe zake kubwa; huko pima kwa rula kupitia tundu la bolti.

Ukimwandikia mtengenezaji wa ng'ambo ambaye pia huuzia majeshi, tarajia kuulizwa mtumiaji wa mwisho ni nani na kitu kitafanya kazi gani. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2021 kuhusu bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi. Jibu kwa ukweli na kwa undani: shuti namba fulani, mgodi fulani, unene fulani. Maelezo mafupi ya kukwepa ndiyo huchelewesha mzigo. Usiombe bamba la kivita kwa ajili ya shuti. Utalipia majaribio ya risasi ambayo mawe hayayahitaji. Na kinyume chake ni cha kuzingatiwa zaidi: usivishe gari bamba la mgodini ukidhani litazuia risasi. Bamba la shuti halikupimwa wala kuhakikishwa kwa kazi hiyo, hata kama namba ya ugumu inafanana, na atakayekaa nyuma yake ataliamini.

Bitana mpya ikishafungwa, endesha zamu moja, simamisha, funga kufuli, kaza bolti zote tena. Karibu zote zitakuwa zimelegea. Zikaze mara ya pili baada ya wiki, kisha pima unene mahali pale pale ulipochora chaki na uandike tarehe kando yake.